Jarida la sanaa la watu wa kujitolea: toleo zima, kazi moja moja, au WhatsApp peke yake?

Tabora haina uhaba wa waandishi. Kaa jioni moja nje ya maktaba ya mkoa utamkuta mwanafunzi wa Milambo mwenye daftari la mashairi, mwalimu mstaafu anayeandika tenzi, binti wa chuo anayechora kwa penseli, na fundi simu wa Kanyenye anayepiga picha nzuri kuliko wengi wanaoitwa kwenye harusi. Kinachokosekana ni mahali pa kuziweka kazi hizo zikasomwa. Ndiyo maana kila baada ya muda kundi fulani linaamka na wazo: tuanzishe jarida letu mtandaoni, bila ofisi, bila mshahara, kila mtu ajitolee. Kikao cha kwanza huwa na moto. Cha pili hubishania jina na nembo. Swali lenye uzito hupitwa hivi hivi: jarida litatoka kwa mtindo gani?

Mitindo ni mitatu. Upo wa toleo zima, yaani kazi kumi au kumi na tano zinakusanywa, zinapangwa kurasa, zinapewa jalada na kutoka siku moja, kwa kawaida kama faili la PDF. Upo wa kazi moja moja: leo hadithi, baada ya wiki mbili shairi, kisha michoro, kila kitu kwenye tovuti kikiwa tayari. Na upo wa kutokuwa na tovuti kabisa, kila kitu kikapita WhatsApp, Facebook na Instagram.

Niseme mapema ninakoegemea. Kwa kundi la watu wanne hadi saba wenye shughuli zao nyingine, nachagua kazi moja moja kwenye tovuti, na WhatsApp iwe mpagazi wake tu, abebe mzigo na kuufikisha. Toleo zima nalipenda kwa macho kuliko yote, lakini wanaoanza siwashauri walianzie. Wengi wanadhani kinachoamua hapa ni fedha au utaalamu wa kompyuta. Kinachoamua ni saa za mhariri.

Hesabu ya saa

Hadithi ya maneno 3,000 inataka watu wawili waisome na wakubaliane kama inafaa. Mhariri aipitie, aandike maswali, mwandishi ajibu (wengine hujibu baada ya wiki, wengine hununa kwanza), mhariri arudie, mtu mwingine aisome mara ya mwisho akiwinda makosa ya herufi, itafutwe picha, ipakiwe. Hata mkiwa wepesi, saa sita zimekwenda. Shairi ni fupi kwenye karatasi, ila ubishi wa mizani unaweza kumaliza mchana mzima.

Sasa chukua watu wanne, kila mmoja akitoa saa tatu kwa wiki. Hizo ni saa 48 kwa mwezi. Toa theluthi moja kwa vikao, kujibu ujumbe na umeme kukatika, unabaki na 32. Zinatosha hadithi tano, kama hakuna aliyeuguliwa wala mwenye rundo la mitihani ya kusahihisha. Toleo la kazi 15 basi linataka miezi mitatu kabla hata hamjagusa upangaji wa kurasa.

Utasema kazi 15 ni kazi 15, ziwe zimetoka pamoja au moja moja, saa za kuhariri ni zile zile. Kweli. Tofauti inaonekana mtu mmoja anapokwama. Kwenye toleo zima, mchoraji wa jalada akisafiri kwenda msibani Nzega, kazi 14 zilizokwisha zinamsubiri. Waandishi wanaanza kuuliza, mhariri anaanza kukwepa simu. Kwenye kazi moja moja, iliyokwama inasogezwa mbele na iliyo tayari inachukua nafasi yake. Msomaji hajui kama kuna kilichotokea.

Majarida ya kujitolea hayafi kwa kukosa kazi za kuchapisha. Yanakufa pale watu wawili wanapobaki kubeba kazi ya sita, wakachoka bila kuaga.

Toleo zima: sifa zake na kioo cha simu

Sifa zake nisizibanie. Toleo lina mwanzo na mwisho. Mhariri anaweza kuweka hadithi ya mwanamke anayesubiri treni karibu na picha ya mataruma ya reli, kisha shairi la kejeli likafuata, na kazi zile tatu zikasemezana kwa namna ambayo hakuna mwandishi aliyeikusudia. Lina jalada, na jalada ni kazi ya sanaa yenyewe. Lina siku ya kuzinduliwa, watu wakaketi, kazi zikasomwa kwa sauti, soda zikanywewa. Lina tarehe ya mwisho ya kupokea kazi, na wengi wetu bila tarehe hatuandiki. Tena linahifadhika: mnaweza kuliombea namba ya ISSN, ile ya tarakimu nane inayotambulisha machapisho ya mfululizo, mkachapa nakala chache kwa ajili ya maktaba ya mkoa na za shule.

Tabora yenyewe ina historia ya uchapaji ya kujivunia. T.M.P. (Tanganyika Mission Press) ya Kipalapala ilitoa vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa nchi nzima, na gazeti la Kiongozi la Kanisa Katoliki lilianza kuchapwa hapa mwaka 1950. Kabla ya hapo kulikuwa na Mambo Leo la Dar es Salaam, lililoanza 1923, ambalo kurasa zake za mashairi ziliwakutanisha washairi wa bara na pwani wakajibizana bila kuonana. Anayetamani toleo zima anatamani kitu chenye asili.

Tatizo ni kwamba Mambo Leo lilisomwa kwenye karatasi pana, na jarida lenu litasomwa kwenye kioo cha inchi sita, mara nyingi kilichopasuka pembeni. Ukurasa wa A4 wenye safu mbili ni adhabu kwenye simu. Msomaji anavuta kwa vidole viwili, anasogeza kulia, anashuka, anapanda tena kuanza safu ya pili, na kabla ya aya ya nne amehamia kwenye stetasi za watu. Halafu kuna uzito. Picha moja ya simu ya sasa huwa na MB tatu au nne. Ukibandika kumi bila kuzipunguza, faili linapita MB 30, na mwenye bando la siku hatalifungua mpaka apate mahali penye Wi-Fi ya bure, maana yake hatalifungua.

La tatu ni kosa. Jina la mshairi likikosewa kwenye PDF iliyokwisha kuingia makundi ishirini, hakuna wa kuirudisha. Mtatoa iliyosahihishwa, na ile yenye kosa itaendelea kuzunguka. Kwenye tovuti unarekebisha herufi moja na dunia nzima inaona jina sahihi.

Mkiling'ang'ania hata hivyo, lifanyeni hivi: ukubwa wa A5 au pungufu, safu moja, herufi za pointi 13 au 14, picha zilizopunguzwa hadi pikseli 1,200 upande mrefu, faili zima lisizidi MB 5. Scribus ni ya bure na inaweza kazi hii, ingawa inataka uvumilivu. Canva inatosha kwa jalada. InDesign ni nzuri lakini hulipiwa kila mwezi, na jarida lisilo na mapato halina sababu ya kujifunga ada hiyo. LibreOffice, ambayo wasanifu wanaidharau, hutoa PDF safi na pia EPUB, ambayo maandishi yake hujipanga upya kulingana na upana wa kioo. Toeni zote mbili. Kabla ya kusambaza, lifungueni kwenye simu ya bei ya chini kuliko zote iliyomo kundini, si kwenye kompyuta ya aliyelipanga.

Kazi moja moja kwenye tovuti

Hadithi ile ya maneno 3,000, ikiwa maandishi matupu, ina uzito wa kama KB 20. Haifiki hata sehemu ya mia ya picha moja ya simu. Hiyo peke yake ingetosha kunishawishi. Tovuti nyepesi inafunguka hata Urambo pembeni kabisa ambako mtandao unakuja na kuondoka, na mtu anayemtafuta mwandishi kwa jina lake kwenye Google anaipata hadithi yake baada ya miaka. PDF iliyozama kwenye kundi la WhatsApp haipatikani hivyo.

Swali la wapi pa kuijenga huwa linachukua muda mrefu kuliko linavyostahili. WordPress ya kukodi seva inakupa kila kitu, pamoja na kazi ya kusasisha programu, kutunza nakala za akiba na kupambana na wadukuzi. Kazi hiyo inataka mtu wake, na mtu huyo mngemtumia kuhariri. WordPress.com ya bure inapendeza, ila inaweka matangazo yao kwenye kurasa zenu, na kikoa chenu wenyewe, yaani anwani ya tovuti yenye jina lenu, hamwezi kukitumia mpaka mlipe. Blogger ya Google ina sura ya kizamani, lakini ni bure, haiweki matangazo msipoyataka, na inakubali kikoa chenu. Ningechukua Blogger na kikoa cha .or.tz au .co.tz, ambacho ada yake ya mwaka watu watano wanaweza kuichanga bila kuumizana. Watu wa teknolojia watacheka. Waacheni wacheke, nyinyi mtakuwa mnahariri.

Jambo la maana kuliko sura ya tovuti ni nani mwenye funguo zake. Kikoa kisajiliwe kwa barua pepe ya jarida, si ya kijana aliyejitolea kukisajili. Nywila iwe kwa watu wawili, mmoja wao awe mtu asiyehamahama. Angalieni pia namba ya simu inayopokea msimbo wa uthibitisho. Mwenye laini akipata kazi Mpanda na laini ikafungwa, hakuna atakayeingia tena, na miaka ya kazi za watu inabaki kwenye ukurasa usioweza kuguswa.

Sasa mashairi, maana hapa ndipo mitindo yote mitatu inapopimwa. Chukua ubeti huu, nimeutunga kwa ajili ya mfano:

Treni imepiga honi, watu wamejipangia,
Gunia liko begani, asali nimepakia,
Nakwenda zangu ziwani, dagaa kujipatia,
Barua weka mezani, nikirudi nitasoma.

Kila mshororo una mizani 16, nane za ukwapi (kipande cha kwanza) na nane za utao (kipande cha pili), na vina vya kati vinaanguka kwenye "ni". Kwenye kioo chembamba mshororo wa kwanza hautoshi, unakatika hivi:

Treni imepiga honi, watu
wamejipangia,

Kina cha kati kimezama katikati ya mstari, na mistari minane isiyo na mpango imechukua nafasi ya minne. Anayejua arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, anaudhika. Asiyejua anadhani ni shairi huru lililopangwa ovyo. Kwenye PDF halikatiki, ila msomaji anapokea herufi za sisimizi. Kwenye WhatsApp linakatika na huna namna ya kulizuia, labda ulipige picha, na shairi lililo picha halitafutiki, halinakiliki, wala simu ya asiyeona haiwezi kumsomea. Kwenye tovuti dawa ipo: kila kipande kikae mstari wake, utao uingizwe ndani kidogo. Mizani nane zinatosha kwenye simu yoyote. Ubeti unakuwa na mistari minane, lakini kwa mpango, na vina vyote viwili vinaonekana pembeni vinapostahili. Mwelezeni mshairi kabla ya kupakia, kwa sababu wako watakaosema mmemvunjia shairi.

Tovuti pia inabeba sauti. Manju wa Kinyamwezi anapoteza nusu ya kazi yake akiandikwa tu. Rekodi ya mtu mmoja anayeghani, ikibanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, dakika tatu zake hazizidi MB moja na nusu. Blogger haipokei faili la sauti moja kwa moja. Liwekeni Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ambako ni bure, kisha mlichomeke kwenye ukurasa. Video achaneni nayo mwanzoni. Inakula bando la msomaji na usiku wa mhariri.

Kasoro ya mtindo huu ipo na si ndogo: hauna shangwe. Kazi inatoka Alhamisi, watu thelathini wanaisoma, wawili wanaandika "hongera", imepita. Hakuna siku ambayo mji unajua jarida limetoka. Mnaweza kuipunguza kasoro hiyo kwa kuchagua kazi bora za mwaka mzima, zilizokwisha kuhaririwa, na kuzifanya toleo moja dogo la kuzinduliwa. Hapo ndipo napolikubali toleo zima: likiwa zao la mwaka uliokwisha, hakuna anayemsubiri mtu.

WhatsApp peke yake

Hoja ya wanaotaka WhatsApp ni moja na ni nzito: wasomaji wako huko tayari. Hakuna kikoa, hakuna seva, na wengi wana bando la mitandao ya kijamii hata wasipokuwa na la intaneti ya kawaida. Hilo la bando ndilo linaloumiza tovuti zaidi, na anayelipuuza hajawahi kununua bando la jero.

Ila angalieni vyombo vyenyewe. Kundi linabeba watu hadi 1,024, na kati yao kuna atakayetuma tangazo la mbolea katikati ya hadithi. Orodha ya kutuma kwa wengi inaishia 256, tena inamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Chaneli, zilizokuja 2023, ndizo afadhali: wafuasi hawana ukomo na hawaoni namba za wenzao. Kwenye kundi, ujumbe uliokwisha kutumwa unaweza kuuhariri ndani ya dakika 15 tu. Anayehariri fasihi anajua kosa la herufi hujionyesha dakika ya kumi na sita.

Kibaya zaidi ni jina la mwandishi. Shairi zuri likitumwa kama maandishi, mtu wa tatu atakayelinakili ataacha jina, wa nne ataweka lake au "Haijulikani". Ndani ya wiki linamrudia mtunzi mwenyewe kwenye kundi la ukoo, limeandikwa "limetumwa mara nyingi", na shangazi anamshauri asome mashairi kama hayo ajifunze kutunga. Kutuma linki yenye aya mbili za mwanzo kunazuia sehemu kubwa ya hilo. Ndiyo kazi ya mpagazi niliyoisema.

Facebook na Instagram sitazisemea sana. Zinafaa kwa michoro na picha, hazifai kwa hadithi, na ukurasa mnaoujenga huko si wenu.

Bodi au mhariri mmoja?

Mtindo wowote mtakaochagua, kuna atakayekataa kazi za watu. Mhariri mmoja ni mwepesi na jarida linapata ladha moja, ila akichoka yote yamekwisha, na lawama zote zinamwangukia yeye. Bodi ya watu saba inalinda uso wa kila mtu, lakini kazi inakaa miezi ikisubiri kura. Napendelea wasomaji watatu na mhariri mmoja mwenye neno la mwisho, kwa zamu ya mwaka.

Mji kama Tabora una ugumu ambao Dar es Salaam hawaujui sana: anayeleta kazi ni mtu wenu. Ni mwalimu aliyewafundisha kusoma, ni baba mdogo, ni jirani wa Isevya mtakayekutana naye sokoni kesho. Kuficha majina wakati wa kusoma kunasaidia kidogo, ingawa mwandiko wa Mwalimu unajulikana hata ukiondoa jina. Kinachosaidia zaidi ni namna ya kujibu. Ukimya ni tusi. Jibu la mstari mmoja kwa mzee ni tusi kubwa zaidi. Barua kama hii imewahi kufanya kazi:

"Shikamoo Mwalimu. Tumeusoma utenzi wako sote watatu, tunashukuru kwa kutuamini nao. Beti za kilimo cha tumbaku zimetuvuta sana, hasa zile za bani la kukaushia majani. Utenzi mzima ni mrefu kwa nafasi tuliyo nayo, na katikati umetoka kwenye tumbaku ukaingia kwenye nasaha. Kama utaridhia tuzichukue beti za bani peke yake, tutafurahi kuzichapisha. Kama hutaridhia, tutaelewa, na milango iko wazi kwa kazi nyingine."

Hapo kuna heshima, kuna sababu, kuna njia ya kutokea. Kuandika barua ya namna hiyo kunachukua nusu saa, na nusu saa hizo ziingizeni kwenye hesabu yenu.

Haki na sheria, kwa ufupi

Haki ya mwandishi huanza anapoiandika kazi, si anapoisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kwa hiyo mnahitaji ruhusa yake, na mistari minne ya Kiswahili cha kawaida inatosha: kazi inabaki mali yako, unaturuhusu kuichapisha kwanza mtandaoni na kuiacha hapo, baada ya miezi mitatu unaweza kuichapisha popote ukitaja ilikotokea kwanza, ukitaka tuiondoe, tuandikie. Mwambieni pia kwamba mashindano mengi ya miswada hudai kazi ambayo haijachapishwa popote, na mtandaoni ni popote. Akiwa na ndoto ya tuzo, hadithi hiyo aitunze, awape nyingine.

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Leseni zake zinawalenga zaidi watoa habari na matukio, kwa hiyo jarida la hadithi na michoro lisijigeuze chombo cha habari kwa kuingiza uchambuzi wa siasa za wiki. Waandikieni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mkieleza mnachokusudia kuchapisha, na jibu lao mlitunze.

Mkiwa Kigoma

Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na tangu hapo miji hii miwili imekuwa ikipokezana watu, ngoma na wanamuziki. Kundi lenye watu pande zote mbili ni jambo la kawaida. Lakini kundi la Kigoma lina suala ambalo la Tabora halina kwa uzito ule ule, nalo ni lugha. Kuna Kiha, kuna Kirundi kinachosikilizana nacho, kuna Kiswahili cha Kongo kinachovuka ziwa kila siku na boti, na kuna Kifaransa cha waliosoma ng'ambo ile. Jarida lililoko Ujiji au Mwanga likijifungia kwenye Kiswahili sanifu peke yake litakuwa limekipa mgongo kilicho bora mlangoni pake.

Hilo linabadilisha hesabu. Wenzetu wa Jalada Africa, kundi la waandishi wa Kiafrika, walionyesha mwaka 2016, kwa toleo la tafsiri ambamo hadithi moja iliyoandikwa kwa Kikuyu ilipewa lugha zaidi ya 30, kwamba tovuti inaweza kuziweka tafsiri pamoja na kuongeza nyingine kadiri zinavyofika. Toleo zima la PDF lingefungwa kabla mtafsiri wa mwisho hajajibu. Kwa Kigoma, basi, naona kazi moja moja inashinda kwa mbali zaidi kuliko Tabora. Msiweke Kiha na Kiswahili katika safu mbili sambamba, maana kwenye simu safu ya pili inapotea. Wekeni ubeti wa Kiha juu na wa Kiswahili chini yake, au kurasa mbili zenye linki ya kwendana. Mhariri wa Kiha awe mtu anayekiandika, si anayekizungumza tu.

Picha za Kigoma zinavutia: Kibirizi alfajiri boti zikishusha, dagaa wametandazwa juani. Wapigaji wasisahau kuomba ruhusa ya sura za watu, na kwenye kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu mpiga picha asiingie na kamera bila kibali cha mamlaka hata akialikwa na rafiki. Kwa mkimbizi, picha yenye jina inaweza kumfikia aliyemkimbia. Hadithi yake inaweza kuchapishwa kwa jina la kubuni, na hapo tena tovuti ina faida, kwani akibadili mawazo inaondolewa.

Kabla hamjatangaza chochote, muwe na kazi sita zilizokwisha kuhaririwa mkononi, si tatu. Mkichagua kutoa mbili kwa mwezi, hizo ni miezi mitatu ya kupumua wakati kazi mpya zinaingia. Kila kazi inapotoka, ipelekeni Wayback Machine, hazina ya nakala za kurasa za mtandao, siku hiyo hiyo, na mara mbili kwa mwaka pakueni tovuti nzima kwenye flashi mbili. Moja ikae kwa mhariri, ya pili iombeeni nafasi maktaba ya mkoa.